Pua Inayoziba Kila Kiangazi: Mhadhara kwa Wananchi wa Mitundu

 

Mtasema tunayo malaria, tunayo shinikizo la damu, wajawazito wanasafiri mbali kwenda kujifungua, halafu mtu anasimama mbele yenu kuzungumzia pua. Mimi naona pua inastahili mkutano wake. Mtu asiyepata hewa kwa pua analala mdomo wazi, anaamka koo limekauka na kichwa kizito, na siku yake ya kazi inaanza akiwa amechoka. Mtoto wa namna hiyo darasani anaitwa mvivu, kumbe usiku mzima hakulala usingizi wa maana. Zaidi ya hayo, wengi wenye pumu wana pua yenye mzio pia, na pua isipotunzwa, kifua nacho hakitulii. Tena hili ni tatizo ambalo familia inaweza kulifanyia kazi kubwa nyumbani kabla hata ya kufika zahanati.

Hoja yangu leo ni kwamba pua inapoziba mara kwa mara, swali la kwanza linapaswa kuwa: inaziba lini, na mimi nakuwa wapi? Swali la dawa lije baadaye. Sisi tumezoea kuanza na dawa. Mtu anapiga chafya asubuhi, saa nne yuko dukani, jioni ameshameza vidonge vya aina tatu, na mwaka unaofuata, mwezi uleule, yuko dukani tena.

Tuanze na mafua ya kawaida, maana kila tatizo la pua hapa tunaliita mafua. Mafua ya kweli huletwa na virusi. Huanza na koo kukwaruza, mwili kuchoka, pengine homa kidogo, kisha pua inatoa maji, maji yanakuwa mazito, na kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10 mtu amepona, ingawa kikohozi kinaweza kuchelewa. Mara nyingi utakuta na mwingine nyumbani anayo. Sasa mtu akiniambia ana mafua tangu Juni na sasa ni Septemba, au ana mafua yanayomjia kila akiingia ghalani na kumwacha akitoka, huyo sina sababu ya kuamini kuwa ana mafua. Virusi havina kalenda ya kilimo.

Mzio una dalili zake, na iliyo kubwa ni kuwashwa. Pua inawasha kwa ndani, kaakaa linawasha, macho yanawasha na kutoa machozi. Chafya hazitoki moja au mbili, zinafuatana tano, sita, kumi. Makamasi ni mepesi kama maji. Homa hakuna. Kwa mtoto mtazame mikono: anasugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mara nyingi kiasi kwamba baada ya muda unaweza kuona mstari mdogo umekatiza juu ya pua. Chini ya macho ngozi inakuwa na weusi, kama mtu aliyekesha. Mama akiyaona hayo kwa mtoto wake, ameshafanya nusu ya kazi ya tabibu.

Lakini kuna jambo la tatu, ambalo huku kwetu naliona linachanganywa sana na mzio, nalo ni pua kuchokozwa tu. Kiangazi chetu ni kirefu. Mvua ikishakatika, upepo unaanza, barabara ya kutoka Itigi kuja huku na kuendelea Rungwa inatimua vumbi kila lori linapopita, na wanaofanya kazi kwenye machimbo ya jasi upande wa Itigi wanarudi nyumbani nyusi zikiwa nyeupe. Vumbi la namna hiyo, na moshi wa kuni vilevile, linaweza kuziba pua ya mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao. Pua inavimba kwa sababu imechokozwa. Huyu hawashwi sana macho, hana chafya kumi za mfululizo. Ana kuziba na kuchomwa, na akipumzika kwenye hewa safi anapata nafuu. Kumpa huyu vidonge vya mzio hakumsaidii sana. Anayemsaidia ni mtu atakayempunguzia vumbi.

Niingie ndani ya pua kidogo, kwa sababu wengi tunadhani pua ikiziba imejaa makamasi, basi tunapenga kwa nguvu mpaka masikio yanauma. Kwenye kuta za ndani za pua kuna vinyama vilivyojikunja, na ndani yake mna mishipa mingi ya damu. Kazi yake ni kupasha hewa joto, kuilowanisha na kunasa uchafu. Vinyama hivyo vikijaa damu vinatanuka, na njia ya hewa inafungwa hata kama hakuna kamasi hata tone. Ndiyo maana unapenga na hakitoki kitu. Ndiyo maana pia ukilala pua inaziba zaidi kuliko ukisimama: damu inatulia kichwani. Mwaka 1895 daktari Mjerumani Richard Kayser alieleza kuwa hata kwa mtu mzima wa afya pande mbili za pua hupokezana, upande mmoja ukitanuka kwa saa kadhaa huku mwingine ukisinyaa. Kwa hiyo ukiona tundu la kushoto limeziba asubuhi na la kulia jioni, usihangaike kutafuta aliyekuroga wala dawa. Hatari ni tundu moja lilelile kuziba siku zote, na nitalirudia.

Sasa mzio wenyewe. Mwili una askari wa kupambana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu askari hao wanakosea: wanaiona chavua ya nyasi, au kinyesi cha mdudu wa vumbi, kuwa ni adui. Wanatengeneza kingamwili za aina inayoitwa IgE, iliyotambuliwa miaka ya 1966 na 1967 na watafiti wawili mke na mume kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa Marekani, na kwa wakati uleule na watafiti wa Sweden. Kingamwili hizo zinakaa juu ya seli fulani ndani ya pua zikisubiri. Chavua ikirudi, seli zinamwaga kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo inayoleta kuwasha, chafya na maji ndani ya dakika chache. Uvimbe unaoziba pua unakuja baadaye kidogo na unaweza kudumu kwa saa nyingi. Hapo mtaelewa kwa nini mtu anapura alizeti mchana, anaziba usiku, na asubuhi analaumu baridi ya alfajiri.

Kuna pingamizi ninalolisikia kila mara: "Mimi kazi hii nimeifanya miaka ishirini, vumbi hili nimelizoea, litanidhuruje leo?" Hivyo ndivyo mzio unavyofanya kazi. Mara ya kwanza mwili unapokutana na kitu hicho, mzio hauonekani. Mwili unahitaji kukutana nacho kwanza, pengine kwa miaka, ndipo uanze kukikataa. Kwa hiyo kuzoea kitu hakukupi kinga, na mtu mzima wa miaka arobaini anaweza kupata mzio ambao utotoni hakuwa nao.

Nataka nimtaje daktari mmoja wa Manchester, Uingereza, Charles Blackley. Kwao walikuwa na ugonjwa wa chafya wa kiangazi. Mwenzake John Bostock alikuwa ameueleza mwaka 1819, akiutazama katika mwili wake mwenyewe, bila kujua chanzo chake. Wengine walisema ni joto, wengine jua, wengine harufu ya majani makavu. Blackley naye alikuwa mgonjwa. Hakuwa na mashine tunazozijua leo. Alikusanya chavua ya nyasi, akaitunza, akaivuta puani wakati ambao si msimu wake, na chafya zikaja. Akarusha tiara angani zikiwa na vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, akahesabu chavua zilizonasa, akalinganisha na siku alizougua. Alichapisha kazi yake mwaka 1873, miaka zaidi ya thelathini kabla ya Clemens von Pirquet wa Vienna kuutungia mzio jina lake la kitaalamu, mwaka 1906. Silaha kubwa ya Blackley ilikuwa kuandika nini kimetokea, siku gani na mahali gani. Hilo kila nyumba ya Mitundu yenye kalamu inaliweza.

Basi tufanye kazi ya Blackley hapa kwetu. Mvua zinaanza Novemba au Desemba na kukatika kuelekea Aprili au Mei. Kadiri masika yanavyosogea, nyasi za porini na za kando ya mashamba zinachanua. Chavua ya nyasi ni nyepesi, inasafiri na upepo, na duniani kote ndiyo mtuhumiwa mkubwa. Mtu anayeugua kipindi hicho, hasa asubuhi akiwa shambani, na kupata nafuu mvua ikinyesha, aziangalie nyasi. Mahindi nayo ni ukoo wa nyasi, ila chavua ya mbelewele ni nzito na huanguka karibu. Humsumbua zaidi aliyemo ndani ya shamba.

Alizeti inasingiziwa. Ina rangi kali, inaonekana kutoka mbali, na mtu akipiga chafya barabarani analinyoshea kidole shamba la jirani. Chavua ya alizeti ni nzito na inanata. Imeumbwa kubebwa na nyuki, haisafiri mbali kwa upepo. Ndivyo ilivyo pia kwa maua mengi yenye kupendeza na ya miti ya miombo ambayo nyuki wetu wanaitegemea. Anayepaswa kuishuku alizeti ni yule anayeishika: anayekata vichwa, anayepura na kupepeta, anayefanya kazi kwenye mashine ya kukamua katikati ya vumbi la maganda na mashudu. Huko vumbi lina chavua kavu, vipande vya majani na kuvu, vyote pamoja.

Kuvu nazo ni za kuangaliwa. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi, magunia yaliyolowa, kona ya nyumba inayovuja, vinatoa vumbi la ukungu lisiloonekana. Anayeziba kila akifungua kihenge au akichota mahindi ya kusaga ana sababu ya kutazama huko. Wenye nyumba za tembe wanajua jinsi udongo wa darini unavyodondoka kitandani. Tandika turubai au kitambaa kizito chini ya dari, utaona tofauti.

Kitanda kinahitaji maneno yake. Miaka ya 1960 watafiti wa Leiden, Uholanzi, Voorhorst na Spieksma, walionyesha kuwa mzio wa vumbi la nyumbani kwa sehemu kubwa unatokana na utitiri mdogo sana, wa chini ya nusu milimita, unaokula vipande vya ngozi vinavyotudondoka. Huu si ule utitiri wa kuku, haung'ati. Kinachodhuru ni kinyesi chake. Hauwezi kunywa maji, unafyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo masika unazaana na kiangazi kikavu kama chetu unapungua. Ila mabaki yake hayaondoki na ukame. Yanabaki kwenye godoro, mto na blanketi, yakiwa makavu na mepesi zaidi. Anayeamka na chafya kila siku ya mwaka, iwe masika iwe kiangazi, akaguse godoro lake kwanza. Mende, paka, panya, na manyoya ya ng'ombe kwa wafugaji wanaokaa zizini, nao wamo kwenye orodha ya washukiwa.

Fanyeni hivi. Chukua daftari la mtoto lililobakiwa kurasa. Kwa wiki tatu au nne andika kila jioni: pua ilikuwaje asubuhi, mchana na usiku, macho yaliwasha au hapana, nilikuwa wapi, nilifanya kazi gani, upepo ulikuwaje, nani alipikia wapi. Usiandike sana, maneno machache yanatosha. Kisha badilisha jambo moja tu, siyo matano kwa siku moja. Hamisha mto. Mpe mwingine zamu ya kupepeta. Pikia nje. Subiri wiki nzima utazame. Kipo kipimo cha hospitali cha kuchoma ngozi kidogo na kuweka tone la kila kichochezi, lakini hakipatikani kila mahali, na hata palipo nacho daktari anahitaji historia hiyohiyo ya daftari ili alielewe jibu. Ngozi inaweza kuvimba kwa kitu ambacho puani hakikuletei shida yoyote.

Ukishajua chanzo, nafuu inaanzia hapohapo. Anayepura afunike pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa kizito, apure upepo ukiwa mgongoni, na akifika nyumbani avue nguo nje, anawe uso na nywele kabla ya kujilaza. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto yanapowezekana. Jua la Mitundu ni kali na linaua utitiri, lakini halitoi mabaki yake, kwa hiyo kuanika peke yake hakutoshi. Fua, kung'uta, ndipo uanike.

Dawa ninayoipenda kuliko zote ni maji ya chumvi. Chemsha maji yachemke kwelikweli kwa dakika moja, yaache yapoe yabaki vuguvugu, chukua glasi moja ya mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, na ukiwa na magadi ya kupikia maandazi, yaani bikaboneti, tia kidogo sana yasiume. Inama, pitisha maji taratibu tundu moja yatokee la pili, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yanaosha chavua na vumbi, yanapunguza ute, na hayana mazoea mabaya. Ndugu zangu Waislamu tayari mnapandisha maji puani mnapotawadha, basi kitendo chenyewe si kigeni. Lakini nasisitiza kuchemsha. Kuna kijidudu cha maji vuguvugu, Naegleria fowleri, kikipanda puani kinaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, ila karibu kila anayepatwa hufa. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Maji ya lambo kwa kazi hii, hapana.

Kujifukiza tulikufanya sana mwaka 2020, wakati wa korona, na wengi wanaendelea. Mvuke unalegeza ute na mtu anajisikia vizuri kwa muda mfupi, lakini hautibu mzio, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watoto. Mtoto asifukizwe. Wazee wangu, ugoro nausema kwa heshima: chafya inayoletwa na ugoro inafungua pua kwa dakika chache, kisha tumbaku inaichokoza zaidi, na madhara yake kwa mishipa ya damu ni yaleyale ya tumbaku. Asali yetu ni nzuri. Inatuliza koo na kikohozi kwa aliyezidi mwaka mmoja, na mtoto wa chini ya mwaka asipewe kabisa. Wanaosema asali ya mahali ulipo inaondoa mzio wa chavua wanasahau kuwa nyuki anakusanya chavua ya maua, na nyasi zinazotusumbua hazimtegemei yeye.

Kwenye duka la dawa muhimu mtakuta Piriton, yaani klorofenamini. Inazuia kuwashwa na chafya, lakini inaleta usingizi mzito. Kijana wa bodaboda asiinywe na kuwasha pikipiki. Setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, zina usingizi mdogo zaidi, ingawa setirizini humlaza mtu mmojammoja. Zote hizi ni hafifu kwa pua iliyoziba. Kwa kuziba kunakodumu, dawa iliyo bora ni ya kupulizia puani yenye steroidi, mfano beklometasoni au flutikasoni. Watu wanaiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi. Inahitaji kutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili huja baada ya wiki moja au mbili. Osha pua kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio na siyo kwenye ukuta wa katikati ya pua, vuta hewa taratibu.

Matone ya kufungua pua, ya oksimetazolini au silometazolini, yanafanya kazi ndani ya dakika, na hapo ndipo mtego ulipo. Yakizidi siku 3 hadi 5, pua inaanza kuvimba kila yanapoisha nguvu, mtu anaongeza, inavimba zaidi. Wapo walioishi na kichupa mfukoni miaka. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe bila tabibu, na mwenye shinikizo la damu aulize kwanza, kwa matone na kwa vidonge vya kufungua pua.

Antibayotiki haigusi mzio wala virusi, na kamasi la njano au la kijani peke yake si ushahidi wa bakteria. Ninachokiogopa zaidi ni sindano ya "aleji" na vidonge vya prednisoloni vinavyonunuliwa bila kupimwa. Mtu anapata nafuu ya ajabu, anazirudia kila msimu, na kumbe zinapandisha sukari na shinikizo, zinadhoofisha mifupa, na kupunguza kinga.

Sasa ni nani asibaki nyumbani na daftari? Mtoto anayetoa uchafu wenye harufu tundu moja tu: huyo kuna uwezekano mkubwa ameingiza punje ya maharage, mahindi au ushanga, na usijaribu kuitoa kwa kijiti, maana inasogea ndani. Mtoto mchanga aliyeziba na kushindwa kunyonya. Mtoto anayekoroma kila usiku na pumzi kukatika katikati. Mtu mzima mwenye tundu moja lililoziba wiki kwa wiki, au linalotoa damu. Yeyote mwenye uvimbe kuzunguka jicho, homa kali na maumivu makali ya uso. Anayetoa mlio kifuani au kubanwa pumzi. Hawa waende zahanati au kituo cha afya, na inapobidi wapewe rufaa, ikiwemo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Na aliye na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hata kama anaamini ni vumbi la jasi au la alizeti, apeleke makohozi yake yapimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake hayalipiwi.